Sheki ya protini: soya unayo ghalani, kopo la nini?

Leo viwavijeshi na mbolea naviweka pembeni kidogo. Nataka tuongee kuhusu kitu ambacho tunakilima wenyewe, tunakiuza kwa debe kwa bei ya kubembelezana, halafu tunakinunua tena kwenye kopo linalotoka ng'ambo kwa bei isiyo na mazungumzo. Naongelea protini ya kunywa, ile wanayoiita sheki.

Najua kuna atakayesema afisa ugani siku hizi kahamia jimu. Hapana. Ila nikikutana na kijana anayelima soya ekari mbili, anafuga kuku wa nyama mia tatu, nyuma ya nyumba kuna migomba, na mezani kwake kuna kopo la unga wa protini, ni lazima niulize. Mmoja alinijibu kwa ufupi: "Afisa, ya kwetu ina madonge. Hainyweki." Nikaona hapo kuna mada.

Msimamo wangu nauweka mapema. Kijana anayelima soya hapa Morogoro hana sababu ya kununua kopo. Lakini pia hana ruhusa ya kunywa, na zaidi sana kumuuzia mwenzake, soya mbichi iliyosagwa tu mashineni ikafungwa kwenye pakiti. Hilo la pili ndilo limenifanya niandike, maana naona linashamiri. Pakiti niliyonunua mwenyewe hapa mjini ilikuwa imeandikwa "protini ya asili" kwa herufi kubwa, na nilipofungua ilinuka maharage mabichi kama vile nimefungua gunia. Muuzaji simtaji. Yeye siye wa kwanza na hatakuwa wa mwisho.

Tuanze na hesabu, maana nyie ni wakulima wa biashara. Kipimo kimoja cha unga wa kopo, ule unaotokana na maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini, kwa kawaida kinakupa gramu 20 hadi 25 za protini. Sasa chukua glasi ya maziwa ya mililita 250, hapo una gramu 8 hivi. Ongeza vijiko viwili vya chakula vya unga wa soya, karibu gramu 20 za unga. Soya ina protini kati ya asilimia 36 na 40, kwa hiyo umeongeza gramu 7 mpaka 8. Kijiko kimoja cha siagi ya karanga, gramu 4. Ndizi kisukari moja, gramu 1 tu, ila ndiyo inayoleta utamu. Jumla umefika kwenye 20. Upo sawa na mwenye kopo, na hujatoka nje ya Wilaya ya Mvomero.

Fanya na hesabu ya pesa mwenyewe kwa bei za kwako. Chukua kilo moja ya soya, toa maganda na upotevu, tuseme unabaki na gramu 750 za unga. Kwa gramu 20 kila glasi hizo ni glasi 37. Gawanya bei ya kilo ya soya kwa 37, kisha gawanya bei ya kopo kwa idadi ya vipimo vilivyomo, uweke majibu mawili pamoja. Mimi nimeshafanya. Fanya na wewe.

Na kabla hatujaenda mbali, tuambiane ukweli: wengi wetu hatuhitaji sheki kila siku. Mtu mzima wa kilo 70 anahitaji kama gramu 56 za protini kwa siku, na sahani ya wali maharage, yai la asubuhi na dagaa wa jioni vinamfikisha. Anayenyanyua vyuma kweli kweli anaweza kuhitaji hata mara mbili ya hapo, na anayepalilia kutwa nzima Mgeta kwenye ile miteremko naye mwili wake unafanya kazi. Hao ndio sheki inawafaa, na yule asiyepata muda wa kukaa mezani. Mwenye matatizo ya figo asianze bila kuongea na daktari. Mwenye mzio wa karanga au soya anajijua.

Sasa soya yenyewe. Wajerumani waliipanda Amani, kule Usambara, mwaka 1907, kwa hiyo kwa nchi hii si zao la jana. Hata hivyo majumbani hatukuizoea kama maharage, na sababu kubwa ni kwamba soya haitaki uvivu. Ndani ya punje mbichi kuna kemikali zinazokizuia kimeng'enya cha tumboni kiitwacho tripsini, ambacho kazi yake ni kusaga protini. Maana yake unakula protini halafu mwili unashindwa kuivunja. Wafugaji wa kuku hili mnalijua bila kufundishwa na mtu: ukimlisha kifaranga soya mbichi anadumaa, kongosho lake linavimba, chakula kinaisha na uzito hauji. Ndiyo maana soya ya chakula cha kuku inakaangwa au inapikwa kwanza. Sasa kijana ambaye kuku wake anamkaangia soya, yeye mwenyewe anakunywa mbichi na tumbo linajaa gesi, halafu anasema soya haimpendi. Mimi hapo huwa nakosa la kusema.

Namna ya kuiandaa ni hii. Chagua punje kwanza, toa zilizovunjika, zenye ukungu na mawe. Chemsha maji mpaka yachemke haswa, ndipo umwage soya ndani. Usiianzishe kwenye maji ya baridi. Ile harufu ya umaharage inayowakimbiza watu inatokana na kimeng'enya kingine ambacho kinafanya kazi yake punje inapolowa au kuvunjika ikiwa bado mbichi, na maji ya moto yanakiua kabla hakijaanza. Iache ichemke dakika 30. Mwaga maji, weka ya baridi, sugua kwa viganja mpaka maganda yatoke na kuelea, yaondoe. Anika kwenye turubai safi au chanja, siyo chini, mpaka punje ukiitia jinoni inapasuka "ka!" bila kubonyea. Kisha kaanga kwa moto mdogo ukigeuza muda wote, ikifika rangi ya kahawia hafifu epua. Ukiiunguza ikawa nyeusi unaharibu protini ile ile unayoitafuta, na uchungu wake haufichiki hata kwa ndizi tatu.

Kwenye kusaga ndipo wengi wanapojiharibia. Soya ina mafuta mengi, kama asilimia 20 hivi, na ikiwa haijakauka inaziba chekeche la mashine. Mwenye mashine anakasirika, anakubadilishia chekeche la matundu makubwa, unarudi nyumbani na kitu kama pumba. Halafu unalaumu blenda. Kausha vizuri, mwambie asage mara mbili, na kilo ya kwanza itoe kabisa, hiyo imebeba mabaki ya mahindi ya mtu aliyekutangulia. Ukifika nyumbani chekecha tena kwa chekeche la unga wa chapati. Kinachobaki juu wape kuku.

Hapo umeshamaliza zaidi ya nusu ya tatizo la madonge. Blenda haina uwezo wa kulainisha unga uliosagwa vibaya, inachofanya ni kuuzungusha.

Utauliza, mbona unga wa kopo unatikisa mara tatu tu na unalainika? Soma lebo yake. Mara nyingi utakuta neno lesithini, na pembeni yake utakuta limeandikwa kwamba imetoka kwenye soya. Lesithini ni kitu kinachotolewa kwenye mafuta ya soya, kinapakwa kwenye chembe za unga ili maji yaingie haraka bila kutengeneza madonge. Yaani ule ulaini unaousifia umetoka kwenye zao lako. Mimi nilipoliona hilo kwenye lebo kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu dukani mpaka muuza duka akaniangalia.

Unga wetu haujapakwa kitu, kwa hiyo unahitaji ujanja, na ujanja wenyewe mama zetu wanao siku zote kwenye uji. Hakuna mama anayemwaga unga mkavu kwenye maji yanayochemka. Anaukoroga kwanza pembeni kwa maji baridi kidogo, ndipo anaumimina. Donge ni unga uliolowa nje ukafunga mlango, ndani mkavu. Basi fanya hivyo hivyo: weka vijiko viwili vya soya kwenye kikombe, tia maziwa kidogo tu, vijiko vitatu au vinne, ponda kwa mgongo wa kijiko mpaka upate rojo zito lisilo na chembe kavu. Ongeza maziwa kidogo kidogo ukikoroga. Siagi ya karanga usiitupe ilivyo, itashuka chini na kukaa kama udongo. Ilainishe kwenye kikombe kingine kwa maji vuguvugu, mwanzoni itagandamana kama inaharibika, endelea kukoroga, itabadilika na kuwa nyeupe kama maziwa. Ndizi iponde kwa uma. Changanya vyote, acha vikae dakika 10 ili unga unywe maji vizuri, kisha tikisa tena. Kwenye chupa yenye kifuniko kinachokaza, weka kimiminika kwanza ndipo rojo, ukianza na rojo linanata chini na hulitoi. Wasio na umeme huko Bunduki na Tchenzema hii inawahusu kabisa, haihitaji blenda. Ukitaka iwe laini zaidi ipitishe kwenye chujio la chai.

Mwenye blenda: maziwa, ndizi, rojo, karanga, kwa mpangilio huo. Sekunde 40 zinatosha. Ukizidisha unapata povu nusu glasi.

Kuna mambo matatu ya jikoni ambayo ni lazima niyaseme kwa sababu nayaona kila mara. La kwanza, unga wa lishe hauingii kwenye sheki. Ule ni unga wa uji, una mahindi na mchele mbichi ndani yake, unatakiwa kupikwa. Ukiukoroga kwenye maziwa ya baridi utakunywa mchanga, na tumbo litakuambia. Pia sijawahi kuelewa mashindano ya kuchanganya nafaka kumi na mbili kwenye mfuko mmoja na karanga juu yake. Karanga zikisagwa zinachacha haraka kuliko vingine vyote, na zinaondoka na mfuko mzima.

La pili ni nanasi. Kinole wana nanasi tamu sana, na kila mtu anataka kuliweka. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini, ndiyo maana wapishi wanalilazia nyama ili ilainike. Ukiliweka kwenye maziwa yanakatika, na ukiacha nusu saa yanakuwa machungu. Ukilitaka, lichemshe dakika chache lipoe kwanza. Pasheni na ubuyu navyo vinakata maziwa kwa sababu ya uchachu. Hivyo vitumie na mtindi, ambao umeshaganda wenyewe na hauna cha kukatika. Mtindi pia unawafaa wale ambao maziwa mabichi yaliyochemshwa yanawapa gesi, na sheki yake inakuwa nzito, laini, bila ndizi nyingi.

La tatu ni mayai mabichi. Vijana wa mazoezi wanapasua matatu kwenye glasi wanameza huku wamefumba macho. Kwanza kuna hatari ya bakteria. Pili, hasara ya kibiashara: yai likipikwa mwili unapata karibu asilimia 90 ya protini yake, likiwa bichi unapata kama nusu tu. Umefuga kuku, umenunua chanjo, umelipia chakula, halafu unatupa nusu ya yai chooni. Chemsha.

Na maziwa chemsha pia. Mbuzi wa maziwa waliletwa Mgeta kutoka Norwei miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine, na mpaka leo maziwa yao ni kati ya vitu ninavyojivunia kwenye milima hii. Lakini homa ya kutupa mimba haichagui mbuzi wa kizungu wala wa kienyeji, na binadamu anaipata kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa. Yachemshe, yapoe, ndipo utengeneze sheki.

Sasa karanga, na hapa naomba utulivu. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara watu wapatao 20 walifariki kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye chakula chao, mahindi ya nyumbani kabisa. Karanga nazo zinaongoza kwa kushika sumu hiyo. Inatoka kwa ukungu unaoota kwenye mazao yasiyokauka, na kukaanga kwa kawaida au kuchemsha hakuimalizi. Wanaokufa kwa kula nyingi kwa mara moja ni wachache, wengi wanakula kidogo kidogo kwa miaka na ini linaharibika taratibu. Mtu anayekunywa karanga kila asubuhi kwenye sheki anakula karanga nyingi kuliko jirani yake, kwa hiyo karanga zake ni lazima ziwe safi kuliko za jirani. Ng'oa kwa wakati, kausha mpaka ukitikisa ganda punje inalia ndani, usihifadhi kwenye sakafu, na uzichague kwa mkono. Iliyosinyaa, yenye doa, yenye kuvu, tupa. Usimpe kuku, usikamue mafuta, usisagie siagi "kwa sababu haitaonekana". Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu mikrogramu 10 tu za sumukuvu kwa kilo. Kiasi hicho hukioni kwa jicho, hukisikii kwa ulimi.

Hapo ndipo narudi kwa muuza pakiti. Nasikia hoja yake, na si ya kipuuzi: mtaji mdogo, kuni ghali, kuchemsha na kumenya ni siku mbili za kazi, mteja hajui tofauti. Yote kweli. Lakini mteja hajui leo. Akinywa wiki moja, tumbo likamsumbua, hatarudi kusema "soya ilikuwa mbichi". Atasema ya kienyeji haifai, atarudi kwenye kopo, na atawaambia wenzake wote jimu. Wewe uliyechemsha na kumenya utakuta soko limeshafungwa na mtu ambaye hata humjui. Mwaka 2020 Tanzania ilipata ruhusa ya kuuza soya China, na ni jambo zuri, kauzeni. Ila kule unauza punje. Hapa Morogoro, kutoka Kihonda mpaka Soko Kuu la Chifu Kingalu, kuna watu wanaolipa pesa nzuri kwa unga unaotoka kwenye punje zile zile, na wapo umbali wa bodaboda moja.

Kwa anayetaka kuingia kwenye biashara hii, fika SIDO kwanza wakuelekeze majengo na vifungashio, kisha TBS, maana tangu 2019 mambo ya usalama wa chakula yako kwao. Usianze na lebo. Kuna kikundi kimeniletea michoro minne ya nembo kabla hawajachemsha kilo moja.

Na kuna kipimo kimoja rahisi ambacho kila mkulima ana vifaa vyake. Viwanda vya chakula cha mifugo wanapima soya kwa kuangalia kimeng'enya kinachovunja urea. Ndiyo, urea ile ile ya kwenye mfuko wa mbolea. Chukua kijiko cha unga wa soya, weka kwenye chupa ndogo, tia punje chache za urea na maji vuguvugu kiasi, funga, acha dakika 20. Fungua unuse kwa mbali. Ikitoka harufu kali ya amonia, kama banda la kuku lisilobadilishwa maranda, soya hiyo ni mbichi au haijaiva vya kutosha. Kama hakuna harufu, imepikwa. Sampuli hiyo mwaga shimoni, isionjwe, na chupa hiyo isirudi jikoni tena. Kipimo hiki hakionyeshi sumukuvu, kinaonyesha upishi wa soya peke yake.

Wiki ijayo nina ratiba ya Mkuyuni Jumanne na Nyandira Alhamisi. Wenye unga wenu, wa kutengeneza au wa kununua, njooni na vijiko viwili kwenye mfuko wa nailoni. Chupa na urea nitakuja navyo.